Masika ya kuandika: mwongozo kamili kwa anayejichapishia riwaya mwenyewe hapa Mombasa

Mvua ishaanza na kila mtu analalamika, barabara zimejaa maji, nguo hazikauki, tuktuk zimepandisha bei. Lakini kwa sisi tunaoandika riwaya na kujichapishia wenyewe hii ndio miezi ya kazi kweli. Mie nasema hivi, andika na mvua, hariri mvua ikipungua, na usilete boksi hata moja la vitabu ndani ya nyumba mpaka masika yaishe kabisa. Wengi hapa pwani hufanya kinyume, wanaandika Januari na Februari kwenye lile joto la kaskazi, wanakimbilia kupiga chapa Aprili, alafu Mei ikifika maboksi yako chini ya kitanda yanaota ukungu. Riwaya ilikuwa nzuri, kava zuri, lakini nani atanunua kitabu kinachonuka uvundo?

Basi huu mwongozo unafuata mvua yenyewe, kuanzia Aprili mpaka kitabu kimfikie msomaji.

Hatua ya 1: panga kalenda kabla hujaandika sentensi

Masika hapa Mombasa huingia mwisho wa Machi au Aprili pamoja na upepo wa kusi, Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi mwaka mzima, Juni mvua bado ipo lakini inaachia nafasi, Julai na Agosti ni manyunyu ya hapa na pale na hali ya hewa imepoa. Alafu Oktoba vuli inaingia. Ukiangalia hivo unaona wazi kwamba karatasi ina nafasi nzuri kati ya Agosti na vuli, na hapo nyuma yote ni muda wa kukaa ndani na kuandika.

Hesabu yake ni nyepesi. Riwaya ya maneno 60,000 ni kitabu cha kawaida, si kinene si chembamba. Maneno 1,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki kumi, ushamaliza. Ukianza tarehe mosi Aprili unafunga rasimu ya kwanza ndani ya wiki ya pili ya Juni. Kama una kazi ya ajira au watoto wadogo shusha iwe 600 na ukubali kwamba chapa itakuwa baada ya vuli, yaani Januari, na hilo si baya hata kidogo, bora hivo kuliko kulazimisha. Ramadhani nayo iangalie, kila mwaka inasogea nyuma kama siku kumi na moja hivi, ukikuta imeingia ndani ya wiki zako za kuandika panga kazi iwe baada ya daku au baada ya tarawehe, mchana usijitegemee sana.

Hatua ya 2: siku yenyewe inakwenda vipi

Alfajiri ndio dhahabu. Baada ya swala, au kama huswali basi tu saa kumi na moja hivi, mtaa umetulia, hakuna muziki wa matatu, joto halijapanda na mara nyingi stima ipo. Kaa uandike maneno yako yote hapo kabla hujafungua simu. Kahawa chungu ipo, mahamri na mbaazi yatakuja baadaye, kwanza maneno.

Mvua kubwa ikipiga na wewe unaishi chini ya mabati hutasikia hata mtu anayekuita mlangoni, na hapo watu huacha kazi, mie nakwambia hapo ndio uandike zaidi, manake hakuna atakayekuja kukutembelea na hakuna utakachosikia zaidi ya wahusika wako. Kazi ya kusoma kwa sauti iache mpaka mvua ianuke. Kila mswada usomwe kwa sauti, mazungumzo hasa, ukiona ulimi unakwama kwenye sentensi basi jua msomaji naye atakwama pale pale, kwa hivo tumia vile vipindi vya utulivu vya saa nne au tano asubuhi usome ulichoandika jana.

Mchana ni wa kazi ndogo ndogo, kujibu wasomaji, kufuatilia mtu wa kava, kupeleka kitu mjini kama barabara zinapitika. Kama unaishi Likoni, Kisauni au Mtwapa usiweke miadi ya mjini siku ya mvua kubwa, utamaliza siku nzima kwenye feri au kwenye foleni ya daraja la Nyali. Kusanya safari zako zote ziwe siku moja kwa wiki: maktaba, benki, printa, Marikiti, zote kwa mzunguko mmoja.

Magharibi mbu wanatoka na maji yaliyotuama ndio nyumba yao. Kaa ndani ya chandarua na daftari kama lazima uandike saa hizo. Homa ya malaria inakula wiki mbili za riwaya, nasema hili kwa uzito kabisa, mwaga maji yaliyokaa kwenye ndoo na makopo nje ya mlango wako kila baada ya mvua.

Hatua ya 3: stima, laptopu na unyevu

Stima ikipotea chomoa laptopu ukutani papo hapo, usingoje, manake ikirudi mara nyingi inarudi na nguvu ya kupita kiasi na hiyo ndio inaunguza chaja. Guard ya TV au ya friji inafaa pia kwa chaja ya laptopu, nunua moja. Radi ikianza chomoa kila kitu, hata kama guard ipo.

Pawabanki ya mAh 20,000 ina kama Wh 74 (kipimo cha umeme uliohifadhiwa) ndani yake. Laptopu ndogo betri yake ni kama Wh 45 hadi 50, kwa hivo ukitoa umeme unaopotea njiani unapata chaji moja kamili, pengine na kidogo juu. Lakini angalia laptopu yako inakubali kuchajiwa na USB-C na pawabanki inatoa angalau wati 45, zile za simu za kawaida hazitaisukuma. Kama hiyo ni gharama kubwa, simu na kibodi ndogo ya bluetooth inatosha kabisa kuandikia riwaya nzima, simu haili umeme mwingi na pawabanki ndogo tu inaibeba siku mbili. Daftari pia ni sawa, ila tumia penseli au biro ya kawaida, zile kalamu za jeli wino wake unasambaa karatasi ikishika unyevu.

Nakala za mswada ziwe tatu. Moja kwenye laptopu, moja Google Drive au ujitumie kwa barua pepe kila jioni, moja kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, kwa mama, kwa dada, popote pasipofikwa na maji yanayoingia kwako. Faili la Word la maneno 60,000 bila picha ni dogo sana, halimalizi bando yako. Flashi iweke ndani ya kikopo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe tena.

Jambo moja ambalo watu hawaliangalii: ukitoka kwenye ofisi au mkahawa wenye AC ya baridi ukaingia kwenye fukuto la nje, maji yanashika juu ya vyuma na vioo, na ndani ya laptopu pia. Ukifika nyumbani iache imefungwa ndani ya mkoba nusu saa ipate joto la chumba, ndio uiwashe.

Hatua ya 4: lisha wasomaji wakati unaandika

Mvua inawaweka watu ndani na simu mkononi. Anzisha grupu la WhatsApp, tuma sehemu moja Jumanne na moja Ijumaa usiku, maneno 800 hivi, ikate pahali panapouma. Usitume riwaya yote. Robo ya kwanza inatosha, alafu unasema kinachobaki kiko kwenye kitabu. Ukituma yote ikafowadiwa huko na huko hutaweza kuirudisha, na hata picha za skrini hutazizuia, kwa hivo hiyo robo itoe kwa moyo mmoja kama sadaka na usigombane na anayeisambaza, yeye ndio anakutangazia.

Wanaotaka kitabu waandike kwenye orodha, jina na mtaa, na walipe arbuni kidogo kwa M-Pesa. Tumia Pochi la Biashara au namba ya till, usichanganye na pesa za nyumbani, utajua wapi mauzo yanaishia na unga unaanzia? Siku nzuri ya kufungua oda ni tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, shule na redio siku hiyo wanatafuta mtu wa kuzungumza kuhusu Kiswahili, na wewe ndio umetoka kumaliza riwaya ya Kiswahili, jipeleke. Piga simu studio wiki mbili kabla.

Hatua ya 5: uhariri, na hapa tukae kidogo

Rasimu ikiisha iache wiki mbili bila kuigusa. Katika hizo wiki wape watu watatu au wanne waisome, si marafiki wa kukusifu tu, tafuta mmoja anayesoma riwaya nyingi na mmoja asiyesoma kabisa. Waulize maswali mawili: wapi ulichoka, na wapi hukuelewa. Usiwaulize kama ni nzuri.

Alafu mhariri wa kulipwa. Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu katika kazi hii yote, ziweke kwa mhariri, si kwenye kava la rangi za dhahabu. Mpe sura moja kwanza aihariri kwa malipo uone mkono wake. Mkubaliane kwa maandishi bei, tarehe, na anafanya nini hasa, tahajia tu au na muundo wa hadithi.

Sasa mazungumzo ya Kimombasa. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, uamuzi uliofanywa kwenye mkutano wa mwaka 1928 hapa hapa Mombasa, na mpaka leo mhariri aliyesoma sanifu akiona mhusika wako wa Kibokoni anasema "yuwaja" atakuandikia "anakuja", akiona "mato" ataweka "macho", na "ndoo hapa", yaani njoo hapa, atadhani ni ndoo ya maji. Hana makosa, hiyo ndio kazi aliyofundishwa. Kwa hivo wewe kabla hujampa mswada tengeneza karatasi moja ya maamuzi. Andika: masimulizi yote ni sanifu, bibi mzaa mama wa mhusika mkuu anasema Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kijana wa Kisauni anachanganya na maneno ya mtaani, na haya ndio maneno yao, usiyaguse. Orodhesha kila umbo. Hiyo karatasi itakuokoa mabishano ya mwezi mzima na itakusaidia wewe mwenyewe usimfanye bibi aseme "yuwaenda" ukurasa wa 12 na "anaenda" ukurasa wa 90 bila sababu. Mie naona huu ndio utajiri wetu mkubwa sisi waandishi wa huku, mji uliomlea Muyaka bin Haji na mashairi yake hauna sababu ya kuona haya na lahaja yake ndani ya riwaya. Ilindeni.

Baada ya mhariri soma tena kwa sauti yote. Mara hii chapisha kwenye karatasi pale saiba au duka la fotokopi, bila karatasi utaruka makosa.

Hatua ya 6: karatasi za serikali

Hii tupite haraka. ISBN hutolewa na maktaba ya taifa, KNLS. Ni tarakimu 13, na kila umbo la kitabu linataka yake, cha karatasi moja, cha EPUB, yaani cha kusomea kwenye simu, nyingine. Ukichapa tena bila kubadilisha kitu hutumii mpya. Ulizia hapo hapo kuhusu nakala za amana utakazotakiwa kupeleka kitabu kikitoka na uzitenge mapema. Hakimiliki unayo tangu unapoandika, kwa sheria ya Kenya inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini kusajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakupa ushahidi mtu akikuibia. Ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu uwe na jina lako, mwaka, ISBN, jina na anwani ya mchapishaji, ambaye ni wewe, na ya aliyepiga chapa.

Hatua ya 7: kupiga chapa mwezi wa Agosti

Ukubwa wa A5 ndio rahisi kila printa anao, mm 148 kwa 210. Fonti ya pointi 11 inakupa kama maneno 290 kwa ukurasa, kwa hivo 60,000 yako yanakuwa kurasa 207 hivi ukiacha zile za mbele. Vitabu hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, fungu 14 ni kurasa 224, lenga hapo na nafasi inayobaki weka shukrani na tangazo la riwaya ijayo. Pambizo ya ndani, upande wa gundi, isipungue mm 20, ikipungua msomaji atalazimika kukivunja mgongo kitabu ndio asome. Kava ongeza mm 3 kila upande za kukatwa.

Karatasi ya gramu 80 rangi ya maziwa kidogo inapumzisha macho. Kava gramu 250 au 300. Hapa unyevu wetu unarudi: kava likipigwa lamineshoni, ile plastiki nyembamba ya juu, upande mmoja, upande wa ndani unanyonya unyevu na wa nje haunyonyi, basi linajikunja juu kama mkeka mpya. Mwombe printa apange nyuzi za karatasi ziende sambamba na mgongo wa kitabu, wa kava na wa ndani pia, na vitabu vikitoka vikae chini ya uzito siku mbili kabla ya kufungwa kwenye maboksi. Printa asiyeelewa unachosema kuhusu nyuzi, tafuta mwengine.

Nakala chini ya mia tatu hivi nenda dijitali. Ofseti, ile chapa ya mashine kubwa, ina gharama ya pleti (mabamba ya kuchapia) kwanza na inaanza kuleta nafuu ukifika mia tano na zaidi. Usichukue elfu moja kwa sababu bei ya moja imeshuka, elfu moja ni elfu moja ya kuhifadhi. Lipa arbuni, chukua nakala moja ya sampuli, ivute kurasa, ifungue katikati kwa nguvu uone gundi inashika, soma kila ukurasa, alafu ndio utoe ruhusa kwa maandishi.

Na bei? Tuseme, ni mfano tu, chapa imekutoka shilingi 350 kwa nakala, nakala 200, na mhariri na kava pamoja shilingi 40,000, yaani 200 juu ya kila nakala. Ukiuza 800 mkononi unabaki na 250. Duka likichukua asilimia 35 linakata 280, wewe unapata 520, na gharama yako ni 550. Umepata hasara ya shilingi 30 kwa kila kitabu kinachouzwa dukani! Kwa hivo ama bei ipande ama maduka yawe ni ya kuonekana tu na mauzo yenyewe yatoke kwenye orodha yako ya WhatsApp. Fanya hii hesabu na namba zako kabla ya kuandika bei kwenye kava.

Hatua ya 8: kuhifadhi na kutuma

Maboksi yasiguse sakafu wala ukuta. Mbao mbili chini, nafasi ya kiganja nyuma, na si kwenye ukuta unaopakana na bafu. Usivifunge vitabu na nailoni ukaziba kabisa, unyevu ulioingia ndani hautoki. Chumba chenye feni au dirisha linalopitisha hewa ni bora kuliko stoo iliyofungwa. Fungua kila boksi mara moja kwa mwezi, angalia mchwa, na majani makavu ya mwarobaini yakiwekwa pembeni yanasaidia kufukuza wadudu.

Kutuma nje ya mji ofisi za mabasi pale Mwembe Tayari zinapokea vifurushi vya Malindi, Lamu, Nairobi na kwengine. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hivo funga na karatasi ngumu ya kaki mara mbili na upitishe selotepu pana juu ya kila mshono na juu ya anwani yenyewe, wino ukilowa kifurushi kinapotea. Piga picha kifurushi na risiti, mtumie mteja hapo hapo.

Ndani ya mji boda inatosha, ila siku ya mvua mwambie mteja wazi kwamba kitafika kesho. Atakubali. Hatakubali kitabu kilicholowa.

Maduka yatakayokubali riwaya yako wengi watataka mali kauli, unawaachia vitabu na wanakulipa vikiuzwa. Kubali, lakini nakala tano kwanza, si hamsini, na uwe na daftari lenye tarehe, idadi, bei na sahihi ya aliyepokea. Pita kila mwezi uhesabu mwenyewe kwenye rafu. Na mzunguko wa mwisho wa mwaka ufanye kabla ya katikati ya Disemba, manake baada ya hapo maduka yote yameingia kwenye vitabu vya shule vya Januari na hakuna atakayekuwa na muda wa kukutafutia pesa zako.